Wote wanaona mabadiliko ya tabianchi, mbona hawalimi kwa namna moja?

Swali: Mimi ni afisa ugani wa kata mojawapo ya Kigamboni, Dar es Salaam. Wakulima wangu karibu wote wanakiri kuwa tabianchi imebadilika, lakini baada ya mafunzo yale yale mmoja hubadili mbegu, mwingine huchimba kisima, na wengine hawafanyi lolote. Je, wamekosa elimu?

Jibu: Ndugu afisa ugani, sidhani. Kukiri kwamba tabianchi imebadilika hakumwongozi mtu shambani. Kinachomwongoza ni kile hasa anachoamini kuwa kimebadilika. Anayeona kuwa vuli inachelewa husogeza tarehe ya kupanda, anayeona kuwa mvua inakatika katikati ya msimu hutafuta mahindi ya muda mfupi au huongeza muhogo na kunde, na anayeamini kuwa hali hii ni ya kupita tu haoni sababu ya kuingia gharama.

Ugumu upo hapa: mkulima hupima mvua kwa mavuno. Shamba la kichanga lililolimwa miaka mingi bila samadi hushika maji kidogo, na mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele mavuno huanguka hata kama jumla ya mvua ya msimu ni ya kawaida. Mwenye shamba atasema mvua imepungua, na kwa upande wa mmea hajakosea, lakini dawa iliyo karibu naye ni samadi na matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) kabla ya mbegu mpya. Ndiyo maana nakusihi uulize kwanza: ulipanda lini, mvua ilikatika mmea ukiwa na umri gani, ulivuna nini? Kisha linganisha majibu na kipimamvua cha kikundi cha wakulima.

Wapo pia wanaoona sawasawa lakini hawawezi kutenda. Anayelima mchicha kwenye kiwanja cha kuazima hatachimba kisima, kwa kuwa mwenye kiwanja anaweza kuanza kujenga wakati wowote. Huyo asihesabiwe kuwa mkaidi.

Unapowasomea utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, eleza wazi kwamba mvua za wastani hazimaanishi kuwa hakutakuwa na vipindi vya ukavu. Aliyepoteza mahindi baada ya kuahidiwa wastani huacha kuuamini utabiri, kwa hiyo usomeni pamoja na taarifa za kilimo za kila siku 10 ambazo Mamlaka hiyo hiyo hutoa.