Maswali ya Wasomaji: Wanatukaribisha Vizuri, Lakini Kanisani Hawaji

SWALI

Mchungaji, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa kanisa hapa Dodoma mjini, nami nimo katika kikundi cha uinjilisti wa nyumba kwa nyumba ambacho Jumamosi huzunguka mitaa ya Nkuhungu na Chang'ombe, na mara nyingine hufika vijiji vya upande wa Bahi. Kabla sijaanza nilionywa nijiandae kutukanwa na kufunguliwa mbwa. Nimekuta kinyume chake. Tukipiga hodi tunaitikiwa karibu, tunapewa viti huku wenye nyumba wakikalia ndoo, tunaletewa maji ya kunywa. Yuko bibi mmoja Mwislamu ambaye kila tukipita hutupikia uji na kuwaulizia wazazi wetu kwa majina yao. Lakini wanaokuja kanisani ni wachache mno. Kiongozi wetu anasema ukarimu huo ni namna ya kiungwana ya kutukataa, na kwamba tunashibishwa ili tuisahau kazi iliyotupeleka. Taarifa yetu ya mwezi ina nafasi ya kuandika waliookoka tu, na mara nyingi nafasi hiyo hubaki tupu. Je, tunafanya kazi ya bure? Na je, inafaa kula katika nyumba za wasio wa imani yetu, hasa wale wenye nacho kidogo?

Msomaji, Dodoma

JIBU

Marahaba, binti yangu. Kiongozi wenu ana uchungu na kazi ya Mungu, na kwa hilo apewe heshima yake, lakini katika jambo hili sikubaliani naye hata kidogo. Mtu anayetaka kukukataa ana njia nyepesi kuliko kukupikia uji. Anaweza kunyamaza ndani mpaka uchoke kupiga hodi, au kumtuma mtoto aseme kwamba mama ameenda sokoni. Mama anayeacha mboga alizokuwa akichambua, akatafuta kiti, akakifuta vumbi kwa khanga yake na kukaa kukusikiliza, amekupa sehemu ya siku yake ambayo hairudi. Kumwita mtu huyo mkataaji ni kumlipa ubaya kwa wema wake.

Tena fikirini mnapewa nini. Ninyi mnatembea katika nchi kame, ambako mvua zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, watu hungoja mpaka karibu na mwisho wa mwaka kuziona tena. Mji wetu unategemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, na pembezoni mwa mji yapo makazi ambako maji ya bomba hayajafika, kila dumu linanunuliwa na kupandishwa kwa mkokoteni au pikipiki. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipopita Ugogo, yaani nchi yetu hii ya Wagogo, ililazimika kuwalipa watemi hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kuwa ilikunywa maji ya nchi na kula chakula chake, na wamisionari waliopita njia hiyo hiyo baada ya kituo cha Mpwapwa kuanzishwa mwaka 1876 walilikuta sharti hilo pia. Maji yalikuwa na bei hapa kabla ya kuwapo kanisa, na hadi leo bei hiyo ipo. Basi anayekupa kikombe cha maji bila kukuuliza unatoka dhehebu gani, ametoa kitu anachokijua thamani yake.

Someni pia Luka sura ya 10, ambako Bwana anawatuma wanafunzi wawili wawili. Jambo la kwanza wanaloagizwa kulitamka mlangoni ni amani kwa nyumba ile, kisha wanaambiwa wakae humo wakila na kunywa wanachopewa, wala wasihamehame. Kupokea kumewekwa ndani ya agizo lenyewe. Aliyetumwa anafika mikono mitupu, bila mfuko wala mkoba, ili awe mwenye kuhitaji kabla hajawa mwenye kufundisha. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 28, Paulo na wenzake waliovunjikiwa na merikebu wanafika kisiwa cha Malta, na wenyeji wasiowafahamu wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Walikaa huko miezi mitatu, wagonjwa wakaponywa, na walipoondoka wenyeji wakawapa mahitaji ya safari. Luka anausifu wema wa watu wale kwa maneno mazito, lakini hasemi ni wangapi waliamini. Mimi naona aliuandika kwa sababu ulistahili kuandikwa, ukiwa wema tu.

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe nilipohudumu upande wa Mvumi. Alikuwapo mzee mmoja ambaye hakubatizwa hadi alipofariki. Kila tulipofika kwake alitupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akatukalisha kivulini kando ya tembe lake, akatusikiliza bila kutukatiza, kisha akatuambia kwamba yeye atabaki na ya wazee wake. Baada ya hapo ndipo wema wake ulipoanza hasa. Alitutajia nyumba yenye msiba, ili tusiingie na nyimbo za furaha, akatutajia nyumba yenye mgonjwa asiye na mtu wa kumteka maji, na nyumba ya ndugu wawili waliogombana juu ya shamba, akituonya tusionekane kuegemea upande mmoja. Mwisho alimwita mjukuu wake atuonyeshe njia ya mkato kwenda kijiji cha pili. Katika taarifa yoyote ya kanisa mzee yule angeandikwa kuwa hakuokoka. Hata hivyo, kama tulifanya kazi yoyote ya kichungaji kijijini pale, tuliifanya kwa sababu yake, na siku alipozikwa, maneno yangu machache ya shukrani mbele ya ukoo wake niliyasema kwa moyo wote.

Mara nyingine, hapa mjini Majengo, tulipiga hodi mchana wa mwezi wa Ramadhani bila kujua kuwa ni nyumba ya Waislamu. Baba mwenye nyumba, naye amefunga na jua limewaka, alimtuma mtoto atuletee maji. Tulimshukuru na kumwomba radhi, tukasema tutavumilia mpaka tufike nyumbani. Alikataa kabisa, akasema kwamba saumu ni yake na mgeni ana haki yake. Tulikunywa, na siku hiyo hatukufungua mazungumzo ya dini, kwa kuwa sikuona vipi ningemhubiria habari za upendo mtu aliyekuwa ametutangulia kuutenda.

Sasa, wema huo mfanye nini nao? Ushauri wangu ni kwamba mwuchukue kama deni, wala msiutumie kama kamba ya kumvutia mtu. Akikupa kiti, usihesabu kwamba sasa anapaswa kukusikiliza saa nzima. Akisema leo ana kazi, inuka. Akikueleza tatizo la nyumbani kwake, usilibebe kanisani kuwa hoja ya maombi yenye jina lake bila ruhusa yake, kwa maana alikuambia wewe kama mgeni aliyemwamini, na Dodoma hii, pamoja na kukua kwake kote, bado maneno husafiri kabla ya magari. Rudini wakati hamna cha kuhubiri: akiuguliwa, nendeni, akifiwa, kaeni kwenye mkeka pamoja na majirani wengine, mteke maji na kuosha vyombo. Kuhusu taarifa ya mwezi, mwombeni kiongozi wenu aongeze mahali pa kuandika nyumba zinazohitaji kutembelewa, kwa sababu taarifa isiyo na nafasi ya mgonjwa wala mfiwa huwafundisha wainjilisti kutowaona.

Juu ya chakula, kula. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho sura ya 10, anamwambia Mkristo aliyealikwa na asiyeamini kwamba ale kinachowekwa mbele yake bila kuhojihoji. Kukataa uji wa bibi yule kungemuumiza, na angeelewa kwamba mnaliona jiko lake kuwa najisi. Lakini swali lako juu ya wenye nacho kidogo ni la maana sana, na nimefurahi kwamba umeliuliza. Huku kwetu miezi ya Januari na Februari ndiyo migumu: ghala zimekwisha na uwele na mtama bado viko shambani. Katika miezi hiyo msipange kufika nyumba za watu karibu na saa ya kula. Mkikuta ugali na mlenda vimekwisha kutengwa, naweni mikono, mle matonge machache, mshukuru, mwaachie watoto. Mkiona kijana ametumwa kukimbiza kuku, ageni mapema kabla hajamkamata. Na kwa bibi wa uji, pelekeni kilo ya sukari au unga siku ambayo hamkuja kwa kazi, wala siku hiyo msibebe vipeperushi.

SWALI

Mchungaji, habari za kazi. Mimi ni mama Mwislamu, naishi Makole, na gazeti hili hulisoma kwa jirani yangu. Wainjilisti huja kwangu, nami huwakaribisha kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Lakini sina nia ya kubadili dini, na naona aibu kuwaambia waziwazi wasije wakadhani nawafukuza. Nifanyeje?

Mama wa Makole

JIBU

Dada yangu, ahsante kwa kutuandikia, na ahsante zaidi kwa viti na maji uliyowapa vijana wetu. Waambie waziwazi, tena mapema, kabla hawajafungua vitabu: "Karibuni mpumzike, ila mimi ni Mwislamu na nimeridhika na dini yangu." Hakuna utovu wa adabu katika maneno hayo. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 19, inaifanya kazi ya kueneza dini kuwa huru na pia jambo la hiari ya mtu, kwa hiyo uhuru walio nao wa kubisha hodi ni ule ule ulio nao wewe wa kusema hapana. Nawe unajua kuliko mimi kwamba Sura ya An-Nur inafundisha kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na kwamba mgeni akiambiwa arudi, arudi.

Mwinjilisti aliyelelewa vizuri atakushukuru kwa kumwondolea mashaka, na mtaweza kuzungumza habari za watoto na bei ya mchele bila mmoja kumwogopa mwenzake. Akiendelea kukushurutisha baada ya kumwambia hivyo, muulize anatoka kanisa gani, kisha umpelekee habari mchungaji wake. Ni wajibu wake kukusikiliza, na asiyejua kupokea karibu ya mtu hapaswi kutumwa mlangoni kwa watu mpaka afundishwe.