Mwalimu, nikichemsha maji, sumu ya plastiki inakufa?

*Maswali ya wasomaji wa Bukavu, Kongo, kando ya ziwa Kivu, na jirani. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa kemia.*

Mwalimu, jambo sana. Mimi ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Bomba likikauka siku mbili tatu, mtoto anashuka ziwani na bidoni. Mvua ikinyesha, mto Kawa unaleta chupa na masashe, ile mifuko ya plastiki, mpaka maji hayaonekani. Bwana yangu anasema nikichemsha kila kitu kinakufa, hata sumu ya plastiki. Mdogo wangu aliyesoma anasema plastiki haina sumu yoyote, inachafua macho tu. Nani anasema kweli? Na sambaza wangu je?
*Mama wa Kadutu*

Mama, wote wawili wamekosea, ila kosa la bwana yako lina faida, kwa hiyo naanza naye. Endelea kuchemsha. Kipindupindu kinaweza kumwangusha mtu mzima asubuhi na jioni mkamzika. Kemikali za plastiki haziendi kwa haraka hiyo, zinahesabu miaka. Yaache maji yatokote kwa nguvu dakika moja, kisha epua. Usiyaache jikoni nusu saa ukidhani unaongeza usafi. Moto unaua vijidudu kwa sababu vina uhai. Kemikali haina uhai wa kupoteza: maji yanapungua sufuriani, na ile isiyopanda na mvuke inabaki katika maji machache kuliko mwanzo. Tena unamaliza makala ya jikoni bure.

Sasa mdogo wako. Mwambie aende kutazama kile kitambaa cha plastiki cha mezani. Kwangu tulikinunua laini, kinanuka upya wake, unakikunja kama shuka. Baada ya miaka kadhaa kikawa kigumu, kikapasuka kwenye pembe za meza. Ulaini ulikwenda wapi? Ulikuwa ni kemikali, jamii ya fthaleti, iliyochanganywa ndani ya plastiki bila kufungwa nayo. Ni kama chumvi kwenye bugali. Loweka tonge majini: tonge litabaki tonge, chumvi itatoka. Kile kitambaa kilitoa chake kidogo kidogo, hewani, kwenye maji ya kufutia, kwenye mafuta ya mboga ya sombe iliyomwagika.

Na fthaleti ni jamii moja tu. Mwaka 2024 watafiti walihesabu kemikali zaidi ya 16,000 zinazotumika au kupatikana kwenye plastiki, na zaidi ya 4,200 kati ya hizo wakaona zina sababu ya kutiliwa mashaka. Mojawapo inaitwa bisfenoli A. Mwaka 1936, kule London, mtafiti Charles Dodds alionyesha kwamba inafanya kazi mwilini kama homoni ya kike. Ndiyo hiyo hiyo ikaja kutumika kutengeneza plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, hata chupa za kunyonyeshea watoto, mpaka Ulaya ilipoikataza kwenye chupa hizo mwaka 2011. Mwili unasikiliza homoni hata zikiwa kidogo mno, ndiyo maana nasema si uchafu wa macho.

Kuna jaribio nililokuwa nikiwafanyisha wanafunzi, na wewe unaweza kulifanya kwenye beseni la sambaza. Chukua chupa tupu ya maji ya dukani. Kata kipande cha ubavu wake ukitumbukize pamoja na kifuniko. Kifuniko kitaelea. Kipande, kizamishe kwa kidole mpaka hewa itoke: hakipandi tena. Vifuniko na masashe ni plastiki nyepesi kuliko maji, ubavu wa chupa ni mzito kuliko maji. Kwa hiyo vinavyokutisha pale Kawa inapoingia ziwani ni vile vinavyoelea tu, na chupa ambazo bado zina hewa. Vingine vimeshashuka. Na Kivu si ziwa la kugeuza maji yake: tabaka la juu, kama mita 60, ndilo linalochanganyika. Huko chini, kwenye kina kinachokaribia mita 485, hakuna oksijeni, na kilichoshuka kinakaa.

Kinachobaki juu kinapigwa na jua. Tuko mita 1,460 juu ya bahari, jua letu ni kali. Sashe inakauka, inakatika, vipande vinakuwa vidogo kuliko punje ya mchele, halafu vidogo visivyoonekana. Na kipande kikigawanyika mara elfu, ngozi yake inayogusa maji inaongezeka sana, na chumvi ya bugali inatoka upesi zaidi. Vingine vinaondoka na mto Ruzizi kuelekea ziwa Tanganyika. Chupa zinakwama kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, mashine zinasongwa, umeme unakatika, na hapo mji mzima unapiga kelele. Kemikali yenyewe inapita kwenye vyuma vya bwawa bila kugonga kitu.

Kuhusu biashara yako: sambaza analiwa mzima, na matumbo yake, kwa hiyo alichomeza yeye tunakimeza sisi. Ziwa hutalisafisha peke yako. Unachoweza ni kutoongeza chako. Usimwanike juu ya turubai la plastiki kuukuu. Samaki ana mafuta, jua linachoma, na kemikali nyingi za plastiki zinapenda mafuta kuliko maji. Mwanike kwenye wavu. Na bugali la moto usilifunge kwenye sashe, hata kama mteja ana haraka. Nalisema hili kila mwezi, na kila mwezi nauziwa bugali kwenye sashe.

La mwisho, chunguza bidoni la mtoto. Mimi mwalimu wa kemia niliwahi kununua sokoni bidoni la bluu, zuri, bei nafuu, bila kuuliza lilikuwa limebeba nini. Nililiosha kwa omo, kwa mchanga, kwa majivu. Mwezi wa tatu maji yake bado yananuka vanishi, na mke wangu ananitazama tu. Plastiki ile inakunywa viyeyusho na mafuta hadi ndani ya mwili wake, kisha inavirudisha polepole kwenye kila maji unayotia. Kuosha kunagusa ngozi tu. Sasa linabeba mchanga wa ujenzi.

Mwalimu, asubuhi tunawasha mbabula kwa sashe au kipande cha chupa, makala yanashika haraka. Kuna ubaya?
*Msomaji wa Bagira*

Upo. Ukichanganya humo ganda la waya wa umeme, kipande cha mpira wa maji au koti la mvua, unachoma plastiki yenye klorini, na moshi wake unaweza kubeba dioksini, mojawapo ya sumu zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa mataifa dhidi ya sumu zinazodumu. Inashuka na masizi, mvua inaisukuma mferejini, mfereji unaipeleka ziwani, na huko inaganda kwenye mafuta ya samaki. Sashe peke yake haina klorini, lakini moshi wake mweusi si wa kumpulizia mtoto aliye mgongoni. Na nani anachambua plastiki saa kumi na moja alfajiri, giza, umeme hakuna? Tumia vigunzi vikavu vya mahindi. Vinachelewa kidogo, najua.

Mwalimu, nikivuka kwenda Rwanda wananinyang'anya sashe mpakani. Kwetu zinauzwa wazi. Kongo haina sheria?
*Kijana wa Panzi*

Inayo. Rwanda ilikataza mwaka 2008. Kwetu kuna dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko hiyo ya plastiki. Miye mwenyewe nilivuliwa sashe ya mandazi pale Ruzizi, nikavuka nimeyabeba ndani ya kofia, askari wanacheka. Jioni niliporudi upande wetu nilinunua mengine, na kabla sijafungua mdomo yule mama alikuwa ameshayafunga kwenye sashe mbili, moja ndani ya nyingine, ili mafuta yasinichafue.