Mjomba ameinuka jamvini kwa neno langu

*Shangazi, asalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Wete. Miaka sita nyuma mtoto wa mjomba wangu aliuawa kwa panga. Aliyemuua alishikwa, akahukumiwa kunyongwa, na mpaka leo yuko hai jela. Msimu huu tulikuwa kwa mjomba usiku tunachambua karafuu, redio ikatoa habari ya hukumu nyengine ya kifo. Mume wangu akasema wanyongwe tu, tena leo leo. Mimi nikajibu kuwa serikali haina haki ya kuua mtu, na nikamalizia kwa kusema anayetaka mwenzake anyongwe naye ni muuaji. Mjomba akaweka chini makonyo, vile vikonyo vya karafuu, aliyokuwa nayo mkononi, akaingia ndani. Hii wiki ya tano haitikii salamu yangu. Mwanawe mwengine ananiita kafiri mbele za watu. Msimamo wangu ni ule ule, lakini sitaki kumpoteza mjomba. Nizungumze nao vipi?*
*Mwalimu, Wete*

Waaleykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeifupisha, ilikuwa ndefu. Nimeisoma mara tatu na kila mara nikakwama kwenye yale makonyo. Mtu aliyeudhiwa na ubishi hupandisha sauti, atatafuta neno la kukurudishia. Mjomba wako aliweka chini alichoshika, taratibu, akaondoka. Wazee wetu wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, na wewe umelipiga kovu lile kwa mkono wazi, mbele ya wageni na watoto.

Nakwambia haya hali ya kuwa mimi pia sikitaki kitanzi. Nilikuwa msichana wa skuli hapa Unguja mwaka 1974, zilipotolewa hukumu za kifo katika kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume 1972. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wetu, alihukumiwa kufa naye hakuwepo hata mahakamani, alikuwa kizuizini Bara. 1978 akaachiwa, akaishi mpaka 1996. Tangu hapo kila nikisikia mtu amehukumiwa kufa huwaza miaka ambayo angeweza kuishi, na ushahidi ambao ungeweza kugeuka. Kwa hivyo katika mawazo tuko pamoja. Katika lile neno la "naye ni muuaji" siko nawe hata kidogo. Ulikuwa na hoja ukaiacha, ukamshika mtu. Na mtu mwenyewe ni baba aliyemzika mwanawe.

Sasa kuna jambo nataka mlitazame nyote, wewe, mumeo na huyo kijana anayekuita kafiri. Mnabishana kama kwamba mnazungumzia kitu kimoja, na ni viwili. Kisasi kilichotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 178, kinakuja pamoja na msamaha na diya, yaani fidia ya damu, ndani ya aya hiyo hiyo. Katika Suratul Israa, aya ya 33, walii wa aliyeuawa, yaani jamaa yake msimamizi, amepewa mamlaka, na papo hapo akakatazwa kupindukia. Yaani mwenye msiba ana kauli. Lakini hukumu ya aliyemuua binamu yako haikupita njia hiyo. Kadhi wetu huamua ndoa, talaka na mirathi. Mauaji huenda Mahakama Kuu, chini ya sheria ya adhabu, na anayeshitaki ni serikali. Uwezo wa kusamehe, kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, uko kwa Rais wa Zanzibar. Mjomba wako hakuwa na pa kusema nasamehe, wala nataka diya, wala nataka afe. Alikaa kwenye benchi akasikiliza.

Kisha hukumu ikasomwa, na haikutekelezwa. Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na Septemba 2017 Rais Magufuli aliiambia Mahakama hadharani isimpelekee majina ya watu wa kunyongwa. Wewe ukisikia hivyo moyo unatulia. Mjomba yeye anasikia kwamba aliahidiwa neno zito na mtu aliyevaa joho, akarudi Pemba kwa meli, akangoja, na hakuna aliyekuja kumwambia lolote. Uchungu wa mwana aujuae mzazi, na huo wake umeachwa njiani. Mimi ningekuwa yeye sijui kama ningekaa jamvini muda wote ule kabla ya kuinuka.

Huyo anayekuita kafiri usimjibu mbele za watu. Mpate peke yake, mwambie: wewe umefiwa na ndugu, mimi nimefiwa na binamu, sikubali kutolewa katika dini kwa jambo ambalo Qur'ani yenyewe imeliwekea mlango wa msamaha. Useme mara moja tu. Akiendelea, ondoka.

Mumeo ni mwepesi zaidi, maana yeye hana jeraha, ana maoni. Msiulizane kama watu wanyongwe au wasinyongwe, hapo mtakesha. Muulize kama jaji alazimishwe kutoa kifo bila kupima kesi iliyo mbele yake. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hapo Arusha, ilisema kumlazimisha jaji hivyo kunavunja haki ya kuishi. Huenda mkakubaliana nusu ya njia, na nusu iliyobaki mkaishi nayo. Watu wa nyumba moja wanaishi na makubwa kuliko hayo.

Kwa mjomba usiende na hoja. Usiende na mumeo, wala usitume mtu akuombee radhi. Nenda jioni baada ya Alasiri, kaa pembeni ya jamvi uchambue karafuu kama zamani, hata kama hasemi. Siku ya kwanza huenda mkamaliza pishi nzima kimya. Rudi kesho. Ukiona amekaa, mwambie: mjomba, nilisema neno baya na wewe unasikia, nisamehe. Usiongeze "lakini". Msimamo wako hautakufa kwa kunyamaza siku mbili, na akitaka kuusikia atakuuliza mwenyewe. Akikuuliza mwambie kweli, kwa sauti ya chini, na umwache naye aseme yake mpaka mwisho, hata kama ni kwamba anataka yule mtu afe. Ana haki ya kulisema hilo nyumbani kwake bila ya kuitwa muuaji.

Na jengine. Katika barua nzima umeitaja sheria, serikali, redio, mumeo na skuli. Binamu yako umemwita "mtoto wa mjomba" na "marehemu", basi. Mjomba wako alimpa jina. Ukikaa naye, mtaje kwa jina lake, umuulize alikuwa akipanda mkarafuu mpaka kilele gani.