Wadogo Zangu Masoprano, Acheni Kuanzia Kurasa za Mwisho

Nimewasikiliza tena masoprano chipukizi wakijiandaa kwa usaili na "Popoli di Tessaglia", aria (wimbo wa sauti moja na okestra) ya Mozart, na wote, kana kwamba wamekubaliana, wanaianza kwenye noti za juu za mwishoni. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Someni haya.

1. Noti ile ya G ya juu kabisa haifanyiwi mazoezi kila siku. Imo mara mbili tu, toni moja juu ya F ya Malkia wa Usiku katika opera ya Mozart "Filimbi ya Ajabu", na imo kwa sababu Aloysia Weber, aliyetungiwa aria hii, alikuwa nayo. Pasha sauti, iguse, iache.

2. Resitativo, ile sehemu ya mwanzo inayoimbwa kama mazungumzo, ndiyo mtihani wenyewe. Nilipokuwa na umri wenu niliiona kama ukumbi wa kupita haraka kuelekea sebuleni. Niliingia kwenye usaili nikiwa na uhakika wa noti zangu zote, mpiga piano akaanza ule utangulizi mzito, nami nikayatamka maneno ya Kiitalia kama anayesoma orodha ya bei. Kabla sijaifikia aria, mzee mmoja wa jopo aliinua mkono na kuniuliza kwa upole ni nani anayekufa. Nikamjibu, bila kusita, kwamba ni Alceste. Alceste ndiye niliyekuwa nikimwimba! Anayekufa ni Admeto, mumewe, na Alceste, malkia, amesimama mbele ya watu wa Thesalia kuwaambia kwamba yeye anampoteza mume na wao wanampoteza mfalme. Ningeweza kujitetea kwamba hatimaye Alceste hujitoa afe badala ya mumewe, lakini hilo huja baadaye, na siku hiyo wala sikulijua. Nikashukuriwa kwa kufika, na G yangu ikarudi nyumbani bila kusikiwa na mtu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo tangu Julai 1778, katika barua ambayo Mozart alimwandikia Aloysia kutoka Paris: akimshauri kuhusu aria nyingine, alimsihi atafakari maana ya maneno na ajiweke kwa dhati katika hali ya Andromeda, mhusika wa aria hiyo. Hii yetu aliikamilisha Munich Januari 1779, na sioni kwa nini ushauri ule usiihusu.

3. Obo na fagoti, zile ala mbili za kupuliza, zinaimba nawe, hazikusindikizi. Kubalianeni mapema mahali pa kuvuta pumzi.

4. Kasi ya Allegro assai, ile sehemu ya mwisho ya mbio, ipime kwa mfululizo wa noti za mbio unaokushinda, si kwa rekodi uipendayo, na kurasa za mpiga piano zigundishe vizuri, kwa maana siku ya usaili obo, fagoti na nyuzi zote zimo katika vidole vyake kumi, na hana cha kufunulia karatasi.