Bodi ya matabaka sita: kwanza uliza mkondo unarudi wapi

Bodi yangu ya kwanza ya saketi yenye prosesa na DDR3, aina ya memori ya kasi, ilikuwa nzima kila asubuhi. Ikifika mchana, boksi likishapata joto, jaribio la memori linaanza kutema makosa, na Etheneti, yaani mtandao wa waya, inakatika na kurudi kama umeme wa mgao. Nilibadilisha chipu ya memori, nikabadilisha chanzo cha umeme, nikaongeza kapasita kila palipokuwa na upenyo. Mezani nilikuwa na bodi kumi, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Zikiugua zote kumi, mwenye kosa ni mchoraji.

Mzee mmoja aliyenitangulia sana katika kazi hii ndiye aliyenifumbua macho. Nilimpelekea mchoro, hata hakukaa nao muda mrefu.

"Bwana mdogo, data inatoka hapa inakwenda pale, nimeona. Sasa mkondo unarudi kwa njia gani?"

Nikamjibu unarudi kwa graundi, ile shaba ya volti sifuri.

"Graundi ipi? Nionyeshe kwa kidole."

Sikuweza.

Bodi yangu ilikuwa na matabaka manne ya shaba. Nilirudi nyumbani nikachapa la kwanza na la pili kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, nikazibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Mpangilio wangu ulikuwa hivi: ishara (njia za data) juu, kisha pawa (shaba ya kugawa umeme), kisha graundi, na ishara tena chini. Tabaka la pawa nilikuwa nimeligawa vipande viwili, volti 3.3 upande mmoja na volti 1.5 za DDR3 upande wa pili, katikati ufa wa nusu milimita. Pale dirishani nikahesabu njia saba za data zinazokatiza ule ufa. Kwenye skrini ya kompyuta, matabaka yote yakiwa yamewashwa kwa rangi zake, nilikuwa nimeupita ufa huo mara mia bila kuuona.

Mkondo wa betri ukirudi hutawanyika na kufuata penye ukinzani mdogo. Ishara ya kasi ina tabia nyingine: mkondo wake hurudi kwenye shaba iliyo karibu nayo kuliko zote, chini yake kabisa, kama kivuli cha mtu saa sita mchana. Haujali kama tabaka hilo la jirani umeliita graundi au pawa. Ukikuta ufa, unazunguka mbali kutafuta pa kupita, na katika huo mzunguko ndimo kelele zinamozaliwa. Njia zinaambukizana, kingo za ishara zinalegea, na bodi inageuka antena. Joto halikuwa chanzo cha shida yangu. Lilimaliza tu nafasi ndogo ya makosa iliyokuwa imebaki.

Na usidanganywe na megahezi zilizoandikwa kwenye karatasi ya chipu. Kinachohesabika ni muda ishara inaoutumia kupanda kutoka chini hadi juu. Chipu ya 25 MHz inayopanda kwa nanosekunde 1 imebeba masafa ya mamia ya megahezi. Ndani ya FR-4, ile fibaglasi ya bodi, ishara husafiri karibu sentimita 15 kwa nanosekunde, kwa hiyo hata njia ya sentimita 5 tayari si fupi kwake.

Wengi wetu tunaanza na matabaka manne kwa sababu ya bei, na sina ugomvi na hilo. Ila angalia vipimo. Kwenye bodi ya kawaida ya milimita 1.6, tabaka la kwanza na la pili hutenganishwa na karibu milimita 0.2, halafu kati ya la pili na la tatu kuna kiini, bamba gumu la fibaglasi, kinene cha milimita 1 au zaidi. Maana yake pawa na graundi ziko mbalimbali mno kusaidiana: kwa milimita 1 unapata pikofaradi 4 hivi tu kwa kila sentimita ya mraba, wakati kwa milimita 0.1 ungepata mara kumi yake. Siku hizi nikibanwa na manne, matabaka ya ndani yote mawili nayafanya graundi tupu, na pawa naipitisha nje kwa vipande vipana vya shaba. Kuna wanaoona huo ni ubadhirifu. Mimi sijajuta.

Kwa ile bodi ya DDR3 nilikwenda sita. Hapo kuna mtego: mpangilio unaoonekana wa kawaida ni ishara, graundi, ishara, ishara, pawa, ishara. Unakupa matabaka manne ya kupitisha njia, na ndiyo maana unavutia. Lakini mawili ya katikati yanapigiana kelele, na la chini linategemea pawa ambayo lazima utaikatakata. Nilichagua ishara, graundi, ishara, pawa, graundi, ishara. Kila ishara ina graundi jirani, umbali wa milimita 0.1 tu, na pawa nayo imekaa kifua kwa kifua na graundi yake. Unene wote uliobaki niliusukuma katikati, kati ya tabaka la tatu na la nne. Nafasi tupu za tabaka la tatu nilizijaza shaba ya graundi ili lilingane na la nne, maana shaba ikizidi upande mmoja bodi inatoka kwenye tanuri imepinda kama kigae.

Ile milimita 0.1 ilinipa faida nyingine ambayo sikuitegemea. Juu ya milimita 0.2, njia ya omu 50 (kizuizi ambacho ishara ya kasi hukiona njiani) inataka upana wa karibu milimita 0.35, na hiyo haipenyi kati ya vitufe vya solda vya prosesa vilivyoachana milimita 0.8. Juu ya 0.1 inashuka hadi karibu 0.18, inapita.

Ishara inaposhuka kwa via, tundu lililopakwa shaba, kutoka tabaka la kwanza hadi la sita, mkondo wake wa kurudi nao lazima uhame kutoka graundi ya pili kwenda ya tano. Weka via ya graundi pembeni yake, milimita 1 hivi, usiiache ijitafutie.

Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, andikia kiwanda. Waulize wana pripregi gani (karatasi za fibaglasi na gundi zinazounganisha matabaka) na viini vya unene gani, uwape omu unazotaka: 50 kwa njia moja, 90 kwa jozi ya njia za USB, 100 kwa jozi ya Etheneti. Watakurudishia upana wa njia kulingana na vitu vilivyomo ghalani mwao. Mimi mara ya kwanza nilichora kwa namba za kikokotoo cha mtandaoni, kiwanda kikabadilisha pripregi, na omu zangu zikaenda na maji.

Nilipomaliza ya matabaka sita nilimpelekea mzee. Safari hii alikaa nayo, akafuata njia moja moja kwa ncha ya kalamu, via hadi via. Mwisho akagonga kona ya Etheneti.

"Chini ya transfoma hapa, shaba umeitoa?"

Nilikuwa nimeimwaga graundi mpaka ukingoni.