Namba inayorudi si lazima iwe jibu la prosija

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kuandika programu, niliunganisha mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo na kanzidata ya SQL Server. Prosija (msururu wa amri za SQL uliohifadhiwa ndani ya kanzidata) ya kupokea malipo iliingiza safumlalo moja kwenye jedwali, kisha ikamalizia kwa RETURN, amri ya kutoka kwenye prosija na kurudisha namba, yenye namba ya stakabadhi. Kwenye programu niliiita kwa ExecuteNonQuery ya ADO.NET, maktaba ya .NET ya kuwasiliana na kanzidata, nikaichukua namba iliyorudi na kuichapa. Siku hiyo hiyo mhasibu alizipanga stakabadhi mezani mbele yangu: zote zilikuwa na namba 1.

Ile 1 ilikuwa idadi ya safumlalo zilizoingizwa. Kama prosija ingekuwa na SET NOCOUNT ON, amri inayoizuia seva kutuma idadi hiyo, ningeletewa -1. ExecuteScalar, njia nyingine ya ADO.NET, nayo isingenisaidia, kwa kuwa huleta safuwima ya kwanza ya safumlalo ya kwanza ya matokeo ya SELECT. Anayeitaka thamani ya RETURN katika ADO.NET hana budi kuongeza parameta yenye mwelekeo wa ParameterDirection.ReturnValue, kisha aisome baada ya prosija kumaliza kazi yake.

Hata hivyo, nakusihi usiibebeshe RETURN data. Katika SQL Server hubeba namba kamili ya aina ya int peke yake, kwa hiyo iachie kazi ya kueleza hali: 0 kwa mafanikio, namba nyingine kwa kila aina ya kasoro. Namba ya stakabadhi, jina au tarehe vipite kwenye parameta ya OUTPUT, yaani ile inayorudisha thamani kwa programu, na ikiwa ni ya maandishi, utaje ukubwa wake. Ndani ya prosija, ichukue namba mpya ambayo jedwali limeitoa lenyewe kwa SCOPE_IDENTITY() badala ya @@IDENTITY, maana triga (amri zinazojiendesha zenyewe jedwali linapobadilishwa) inayoingiza safumlalo kwenye jedwali jingine inaweza kukuletea namba ya jedwali hilo, na mwanachama akaondoka na stakabadhi isiyo yake. Katika MySQL suala la RETURN halipo kabisa kwenye prosija. Hutumika parameta za OUT.

Kosa lililonisumbua zaidi lilikuja baadaye, nilipoandika prosija iliyorudisha orodha ya malipo pamoja na jumla yake kwenye parameta ya OUTPUT. Orodha ilionekana yote, lakini jumla ilikuwa tupu, nami nikaikagua hesabu ndani ya prosija mara nyingi bila kuona kasoro. Kumbe seva hutuma thamani hizo mwishoni, baada ya safumlalo zote, nami nilikuwa naisoma jumla kabla ya kuifunga SqlDataReader, kisomaji cha ADO.NET kinachopitia safumlalo moja baada ya nyingine. Niliuhamisha mstari mmoja tu, ule wa Close, nikauweka juu ya ule unaosoma jumla.