Khayali ndefu ya Yaman: ushike wapi usipotee

Aliyeuliza anasema ana rekodi ya dakika 40 ya khayali, mtindo wa uimbaji wa kitamaduni wa India Kaskazini, katika raga (mfumo wa noti) iitwayo Yaman; mwimbaji anarudia mstari uleule, na hajui asikilize nini. Achana na maneno kwanza. Shika tabla, zile ngoma mbili za mkono.

Sehemu ya mwanzo, bada khayali, huenda polepole mno, mara nyingi kwa ektali, mzunguko wa mapigo 12. Pigo moja laweza kuchukua sekunde 4 au 5, kwa hiyo mzunguko unakaribia dakika nzima. Kuhesabu tu kutakuchosha. Fuata sauti zenyewe za tabla, kila moja kwa jina lake: dhin, dhin, dhage, tirakita, tu, na, kat, ta, dhage, tirakita, dhin, na. Tirakita, ule mchapo wa haraka wa vidole, inatokea pigo la 4 na la 10, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Sikiliza kinachofuata. Baada ya ile ya kwanza besi ya mkono wa kushoto inakatika (tu, na). Baada ya ya pili inarudi (dhin). Ukiisikia hiyo, uko pigo la 11. Karibu na hapo mwimbaji hudaka mukhda, kipande cha mwanzo cha mstari, ili silabi yake nzito itue sam, yaani pigo la 1. Akianza mapema atavuta irabu kujaza nafasi; akichelewa atayabana maneno, na utamsikia.

Kati ya sam na sam anaijenga raga noti kwa noti (noti saba ni Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni, na Sa ndiyo ya msingi): Ni ya chini, Sa, Re, kisha anakaa sana juu ya Ga. Noti zote za Yaman ni za kawaida isipokuwa Ma, iliyopandishwa nusu sauti. Akipanda huruka Sa na Pa: Ni Re Ga Ma Dha Ni Sa. Akizunguka muda mrefu bila Ma wala Ni, sikio linasikia Bhupali, raga nyingine, maana zinabaki Sa Re Ga Pa Dha. Na akipenyeza Ma ya kawaida katikati ya Ga mbili, hiyo tayari wengi huiita raga nyingine, Yaman Kalyan.

Wageni hushangilia tan, zile mbio za noti. Mimi humpima mwimbaji kwa Ni iliyotulia juu ya tambura, ala ya nyuzi inayovuma mfululizo nyuma yake. Nyuzi zake nne kwa kawaida ni Pa, Sa, Sa, na Sa ya chini. Uzi mwembamba chini ya kila waya, pale kwenye daraja, ukikaa vibaya mlio unakufa, na mwimbaji anakosa pa kuegemea.

Hesabu hii haifai kila rekodi. Mwimbaji Amir Khan, kwa mfano, alipenda jhumra ya mapigo 14. Na mwendo ukiharakishwa kuingia chota khayali, sehemu ya pili ya kasi, mara nyingi utakuta tintali ya mapigo 16: humo besi inatoweka pigo la 10 hadi la 13, na ikirudi la 14, yamebaki matatu kufika sam.